Mama Monitrise Hapindi Kushoto

Kutoka nyumbani kwa Mama Monitrise mpaka parokiani ni karibu sana. Unatoka getini, unapinda kushoto, unafuata lami kidogo, umefika. Hata kuku wake wanafika. Lakini yeye, kwa muda mrefu, alikuwa anatoka getini na kupinda kuume, anapita nyuma ya soko, anapinda kuume tena, anafuata ukuta wa makaburi ya zamani, kuume tena, anatokea kwa wauza makaa wanaoshuka na magunia kutoka Mutshatsha, na mwishowe anasimama mbele ya kanisa na uso wa mtu aliyetoka safari. Mara nyingine padri alikuwa ameshamaliza mahubiri. Ukimuuliza, alikujibu kwamba yeye anapenda kuona watu.

Mimi ni fundi wa motokari. Garaji yangu, bati juu na mchanga mwekundu chini, iko kwenye barabara hiyohiyo, kwa hiyo mizunguko yake niliiona yote. Nilikuwa nimelala chini ya motokari ya mtu, naona magurudumu ya kimotokari chake cheupe yanakwenda upande usiofaa, nasema moyoni: haya, Mama Monitrise anakwenda misa kupitia Angola.

Jina lake tunalijua, lakini hakuna anayelitumia. Hata padri, akisoma matangazo, anasema Mama Monitrise, yaani mama mwalimu. Alifundisha gardienne, ile shule ya watoto wadogo wasiojua bado kufunga viatu, na katika mtaa wetu wa Kolwezi mtu ambaye hakufutwa makamasi naye, huyo ni mgeni. Amefundisha madereva wa malori ya madini, masista, mapolisi, wachimbaji wanaoshuka mashimoni, na mimi. Na somo lake kubwa, lile alilolipenda kuliko nyimbo na kuliko kuhesabu, lilikuwa kuume na kushoto. Siku ya kwanza ya mwaka wa shule alimfunga kila mtoto uzi mwekundu wa sufu kwenye mkono wa kuume, na uzi ule ulikaa pale mpaka ukaoza wenyewe.

“Huu ni wa kula, wa kuandika na wa kusalimia,” alikuwa akisema. “Ule mwingine ni wa kushika sahani isikimbie.”

Ndiyo maana nilicheka sana nilipoanza kumwona. Mwanamke aliyefundisha mtaa mzima pande mbili za dunia, yeye mwenyewe amefuta upande mmoja!

Mimi ananiita Kilio. Sasa nina ndevu, na ndani ya ndevu kuna mvi, nina mke na watoto, lakini akiingia garajini kwangu, awepo nani, ataanza hivyo. Siku moja nilikuwa na mteja mwenye tai, mtu mzito, tunazungumza mambo ya injini kwa sauti ya kiume kabisa. Mama Monitrise akatokea na mkoba wake.

“Kilio, jambo.”

“Jambo sana, Mama.”

Akamgeukia yule mwenye tai. “Huyu, Tata, alilia kwangu mpaka Noeli. Kila siku. Mi nilikuwa nasema huyu atakuwa padri, ao atakuwa mulevi. Kumbe amekuwa fundi. Mungu ni mukubwa.”

Yule mteja hakurudi tena. Namlaumu Mama Monitrise mpaka leo, na yeye anasema mtu anayekimbia kwa sababu fundi wake alilia utotoni, huyo hata kulipa asingelipa.

Ana sheria nyingi, na zote zinawahusu wengine. Hapendi mambo ya watu, ndivyo anavyosema, “Mi sipendake mambo ya batu,” kisha anakaa kwenye kigoda changu na kunieleza nani amefukuzwa kazi, nani ametoa mahari na nani ameirudisha. Hapendi makelele ya honi, lakini kuku akisimama mbele ya motokari yake anampigia honi kama gavana. Uongo ndio anaouchukia kuliko vyote. Darasani kwake mtoto aliyesema uongo alitazama ukuta mpaka kengele ilie. Na yeye mwenyewe ni mwongo wa hali ya juu, mwongo wa kushonwa vizuri, bila uzi kuonekana.

Motokari yenyewe ni ndogo, nyeupe, volani iko kuume, kama nyingi zinazotufikia kutoka Japani kupitia Zambia, huku kwetu tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Ukiwasha, kuna sauti ya msichana inayosema kitu kwa Kijapani. Hakuna anayejua inasema nini. Mama Monitrise huijibu kila asubuhi, “Bonjour, mutoto,” maana kutomjibu anayekusalimia ni adabu mbaya. Ndani kuna kitambaa kilichofumwa kwenye kila kiti, na harufu ya sabuni. Motokari ile ilikuwa miguu ya akina mama wa mtaa. Mwenye uchungu wa kuzaa alipandishwa humo, mwenye msiba alipelekwa humo, unga wa chama cha akina mama ulibebwa humo. Yeye hakusema hapana kwa mtu, alisema tu, “Futa miguu kwanza.”

Sasa, kulikuwa na kona moja ya kushoto ambayo hakuweza kuikwepa, ile ya kuingia shambani kwa chama. Njia ni moja tu. Akina mama waliopanda naye walinisimulia kwamba kila wakikaribia pale, Mama Monitrise alikuwa anaanzisha wimbo wa kanisa, kwa nguvu, bila kuonya, na anataka wote waitikie. Kona ikiisha, wimbo unaisha, hata kama ni katikati ya ubeti. Walidhani ni mahali alipowahi kuokoka kwenye ajali, wakaanza kufanya ishara ya msalaba pale. Mpaka leo wengine bado wanaifanya.

Mimi nilielewa baadaye kidogo, alipokuja kutafuta ushauri kwangu. Alikuja kwa miguu, jambo ambalo peke yake lilitosha kunishtua.

“Kilio, kuko mama moya. Haumujue.”

“Anakaa wapi?”

“Mbali. Kule Kisenge.”

“Kisenge! Na motokari yake inafika mpaka huku?”

“Njo maana inalia, unaona?”

Nikafuta mikono ili nisicheke. “Inalia aje?”

Akaweka mkoba chini, akanyoosha shingo, akafanya kwa ulimi: “Ta-ta-ta-ta-ta.” Aliifanya vizuri sana. Fundi anasikia kelele nyingi zinazoigizwa na wateja, na nyingi zinafanana na mbuzi, lakini ile ilikuwa yenyewe.

“Wakati gani?”

“Wakati anapinda kushoto.”

“Na akipinda kuume?”

“Kuume? Muzuri kabisa. Kimya.”

“Akikanyaga mafuta akiwa anapinda, inazidi?”

Akafikiri. “Inazidi. Lakini ye hakanyagake sana, ni mama wa heshima.”

Basi nikamweleza, ili naye akamweleze yule mama wa Kisenge. Nikamwambia kwamba nguvu ya injini inafika kwenye gurudumu la mbele kupitia chuma kirefu, kardani, na kwenye ncha ya kardani kuna kichwa chenye vigololi ndani, ndicho kinachoruhusu gurudumu kupinda huku linazunguka. Kichwa kile kimevalishwa mpira kama soksi, umejaa grisi. Mpira ukipasuka, grisi inaruka nje, mchanga wetu huu unaingia, vigololi vinajichimbia mashimo. Ukipinda kushoto, uzito wa motokari unaegemea kuume, kwa hiyo anayelia kwa kawaida ni kichwa cha kuume.

“Kushoto njo inalia, na ugonjwa iko kuume?”

“Ndiyo, Mama.”

“Hiyo ni akili ya nani?”

“Aangalie ndani ya gurudumu la kuume. Akikuta grisi imerukia kila mahali, ndiyo hiyo. Na akianza kuisikia hata njia ikiwa imenyooka, asingoje. Kile kichwa kinaweza kuachia, motokari inabaki katikati ya barabara, lori la madini liko nyuma.”

Kisha akaniomba nimwonyeshe mpira wenyewe unavyofanana. Nikamwokotea mmoja mbovu, akaupima kwa vidole vyake, juu na chini, akasema merci, atamwambia rafiki yake. Nilimtazama akiondoka kwa miguu, mgongo umenyooka, na nilijua vizuri kwa nini hakuniletea motokari.

Sababu ni Mukubwa. Mukubwa ni mtoto wake wa kwanza, tulikaa naye benchi moja huko gardienne, sasa yuko kazini Lubumbashi, ana nyumba ya tiles na chumba kimoja ambacho kimemngoja mama yake tangu baba alipokufa. Mama Monitrise hakukitaka chumba. Alitaka nyumba yake, kuku wake, akina mama wake. Jamaa wakakutana, wajomba wakaketi, wakazungumza mchana mzima, na mwisho Mukubwa akasema mbele ya wote: haya, Mama akae, maadamu ana motokari na anajiendesha mwenyewe, hawezi kukwama. Lakini siku motokari itaanza kusumbua, anakuja kumbeba. Wajomba wakasema ndiyo. Kwetu neno likishasemwa mbele ya wajomba, huwezi kulilaza chini tena.

Ukifikiri hivyo, ile ta-ta-ta-ta haikuwa kelele ya vigololi. Ilikuwa ni malori yanayopakia vitanda vyake. Na Mukubwa alikuwa ananipigia mimi simu kila mara: “Fundi, motokari ya mama iko aje?” Mama Monitrise aliyajua hayo yote. Kama angeniletea motokari, ningekuwa nimeiona, na kama ningekuwa nimeiona, ningeulizwa. Kwa hiyo alinilinda nisiseme uongo kwa kusema yeye. Nilimpenda sana kwa hilo, na nilikuwa na wasiwasi.

Mukubwa akija kutembea, mambo yalikuwa sinema. Mama anamchukua stesheni ya mabasi, kuume, kuume, kuume, anamwonyesha mji. “Angalia, hapa bamejenga. Angalia, hapa kulikuwa muti, bamekata.” Mukubwa aliniambia siku moja kwamba mama yake amekuwa na upendo wa ajabu kwa makaburi ya zamani, je, ni dalili ya uzee? Nilimwambia watu wazima wanapenda kutembea.

Halafu asubuhi moja niliisikia kabla sijaiona. Ilikuwa inakuja moja kwa moja, njia imenyooka, na inalia. Mama Monitrise akaingia garajini polepole, akazima, akashuka, akafunga mlango kwa adabu.

“Kilio,” akasema, “mi naamini ile ugonjwa ya mama wa Kisenge imeniambukiza.”

“Pole, Mama. Uliisogelea sana?”

“Usinicheke. Tengeneza.”

Nikainua upande wa kuume kwa jeki, nikaweka magogo, nikatoa gurudumu. Nikainama. Mungu wangu! Ndani mle, pale ambapo mpira ulipaswa kuwa, kichwa cha kardani kilikuwa kimevaa nguo. Kipagne, kitenge cha akina mama wa chama, kile cha bluu chenye picha ya Bikira, kimekatwa kwa kipimo, kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo na sawa, kikafungwa juu na chini kwa lastiki ya soksi za watoto. Hata mapindo yalikuwamo. Kilikuwa kimelowa grisi na mchanga, kizito kama nepi, na Bikira alikuwa bado ananitazama kwa huruma.

Nilikaa chini nikacheka mpaka nikashika mbavu. Yeye alikuwa amesimama, mkoba mkononi.

“Ulisema ni sawa soksi,” akasema. “Soksi mi najua kushona.”

“Nani aliinua motokari?”

“Batoto wa mwalimu wa jirani. Niliwapa ndizi.”

Nilipopata pumzi nikaendelea. Yeye akakaa kwenye kigoda na kunisimamia. Kila nilichofungua alitaka nikipange juu ya kitambaa, kikubwa hadi kidogo, na nilipotupa nati moja pembeni alikohoa. Nikalegeza nati kubwa ya katikati, nikagonga chini mpaka mkono wa gurudumu ukaachia, nikavuta kardani nje, nikakipiga kile kichwa kikachomoka. Nikakifungua mbele yake. Vigololi vilikuwa vimejichimbia njia zao, unapitisha ukucha unaanguka ndani.

“Njo hii tu?” akauliza. “Kadogo hivi, njo kalikuwa kananizungusha mji muzima?”

“Ndiko haka.”

Akakitazama kwa muda, akakirudisha kwenye kitambaa, mahali pake kwenye mstari. Nilikuwa na kichwa kingine kizima. Nikakipaka grisi ya kutosha, nikakivalisha mpira mpya, wa mpira kweli, nikafunga vibano, nikarudisha kila kitu mahali pake. Kisha nikaipeleka motokari kwenye uwanja wa shule, nikakata volani mpaka mwisho, nikazunguka kushoto, nikazunguka kuume, madirisha wazi, nakanyaga na kuachia. Kimya. Nilisikia tu mawe madogo chini ya magurudumu. Nilirudi nikiwa na furaha kama mtu aliyepasi mtihani, na yeye akapiga makofi, kama alivyotupigia zamani tulipofunga viatu.

“Sasa ni wewe,” nikamwambia. “Nipeleke mpaka kwako. Kushoto, Mama, kushoto kote. Imepona.”

Akawasha. Msichana wa Kijapani akasema yake, akajibiwa. Tukafika kwenye lami, na Mama Monitrise akapinda kuume.

Nilicheka. Nikasema ni mazoea, miezi yote ile si mchezo. Tukapita nyuma ya soko, akapinda kuume tena.

“Mama! Imepona, nakuapia. Jaribu!”

“Kesho.”

“Leo. Hapa tunapofika. Mi niko hapa.”

“We Kilio, ulikuwaka mutoto wa kusumbua.” Lakini tulipofika kwenye ile njia panda ya makaburi, akapumua, akaangalia kushoto vizuri, akasema, “Haya basi,” na akaanza kuingia kushoto.

Pikipiki ya teksi ilikuwa inakuja kutoka kuume. Haikutokea popote kwa ghafla. Ilikuwa barabarani, jua kali, taa imewaka, kijana amevaa fulana ya njano unayoweza kuiona kutoka Kingamyambo. Mama Monitrise aliendelea kuingia mbele yake. Nilipiga kelele na kuvuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Motokari ikakaa. Yule kijana akapepesuka, akakwepa pua yetu, akasimama kwenye vumbi mbele na kugeuka na matusi mdomoni, kisha akamwona ni nani.

“Oh, pardon, Mama Monitrise,” akasema, akaondoka.

Yeye alishika volani kwa mikono yote. “Imetoka wapi?” akauliza. “Kilio, ile pikipiki imetoka wapi?”

Nilishuka. Nikazunguka mbele ya motokari, nikaja upande wake, upande wa kuume, dirisha likiwa wazi, nikasimama bila neno. Nilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuchukua herini yake sikioni. Yeye alikuwa anatazama kiti changu, kisha mbele, kisha tena kiti changu, ananitafuta. Nikasema, “Mama.” Akaruka.

Mimi ni mtu wa kupenda utani, lakini pale niliinama dirishani nikalitazama jicho lake la kuume.

“Ukipinda kuume,” nikasema polepole, maana nilikuwa nalielewa nikilisema, “unahitaji kuangalia kushoto tu.”

“Ndiyo.”

“Ukipinda kushoto lazima uangalie pande zote.”

“Nilikufundisha vizuri,” akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu.

Akanieleza: jicho la kuume lilikuwa limeanza kufifia zamani, kabla ya kelele. Kwanza kama moshi, baadaye kama maziwa, sasa hakuna kitu. Alikuwa amekwisha acha kupinda kushoto, kwa siri na kwa hofu, ndipo motokari nayo ikaanza kulia upande uleule, na akamshukuru Mungu. Alipata kitu cha kuficha ambacho kilikuwa kidogo kuliko kile alichokuwa anakificha. Ningemkamata na kardani, nisingetafuta zaidi. Na kweli sikutafuta. Kona ya shamba, ile ya wimbo, alikuwa anapinda kwa kuomba tu.

Nilikasirika. Nasema wazi, nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu ninayemheshimu. Nilimwambia kwamba wanawake wenye mimba wamepanda humu. Nilimwambia mke wangu amepanda humu. Hakujitetea. Nikaendesha mimi mpaka kwake, kushoto kote, nikamshusha getini, na ufunguo nikautia mfukoni.

“Utamuambia Mukubwa?” akauliza.

“Hapana.”

“Asante.”

“Utamwambia wewe.”

Akafunga geti. Tangu siku ile hakunisalimia. Kanisani, wakati wa kupeana amani, alimpa amani aliyekuwa mbele yangu, aliyekuwa nyuma yangu, na mtoto aliyelala kwenye mgongo wa mama yake. Motokari ilikaa garajini chini ya turubai, na kila Mukubwa alipopiga simu niliiacha ilie. Nilijiuliza kama nina haki. Ni nyumba yake nzima niliyokuwa nimeitia mfukoni, pamoja na ufunguo.

Halafu akaja, mchana, kwa miguu, amevaa kipagne cha sherehe. Akafuta kigoda kwa leso, akakaa.

“Niitie Mukubwa. Weka ile sauti ya nje, usikie na we.”

Nikapiga, nikafungua spika, nikaishika simu kati yetu.

“Fundi! Kwa nini haushike simu? Motokari ya mama iko aje?”

“Ni mi,” akasema Mama Monitrise. “Motokari iko muzima kabisa. Iliharibika, Kilio akaitengeneza, hailie tena, kushoto wala kuume. Njo vile, Kilio?”

“Njo vile,” nikasema.

“Umesikia. Motokari haisumbue. Ni mi njo niko na panne, ni mi njo nimeharibika.”

Akamweleza jicho, kwa sentensi fupi, bila kulia, kama anavyoeleza mzazi kwamba mtoto wake ana homa. Mukubwa akauliza tangu lini. Akamwambia tangu zamani.

“Na ulikuwa unaendesha, Mama?”

“Nilikuwa napinda kuume tu.”

“Mama, nakuja. Kesho nakuja kukubeba.”

“Kuya,” akasema. “Nakungoja. Utanipeleka kwa munganga wa macho kule kwenu, aangalie. Kama anaweza kutoa ile wingu, atoe. Kama haiwezi, basi. Kisha utanirudisha kwangu. Umesikia, Mukubwa? Kwangu. We ulisema mbele ya wajomba, siku motokari itasumbua. Motokari haijasumbua. Hakuna mutu alisema jicho.”

“Mama…”

“Sitaendesha tena. Mi mwenyewe nimesema, leo, mbele ya Kilio. Motokari ataiendesha ye kama kuko mama wa kuzaa, ile mingine nitatembea kwa miguu. Lakini nyumba sitoki. Mulitaka motokari, nimewapa. Nyumba hamukuomba.”

Nilisikia Mukubwa anapumua. Nilidhani atakasirika. Baadaye nikasikia anacheka, na ndani ya kicheko mlikuwa na machozi, maana alikuwa amesikia kwamba mama amemshinda kwa maneno yake mwenyewe.

“Ndiyo, Mama,” akasema. “Nitakurudisha.”

Mama Monitrise akasimama, akanyoosha kipagne chake, hakuniaga. Nikamfuata kwa nyuma kidogo, upande wake wa kuume, nikijifanya nina shughuli barabarani. Alifika kwenye ukingo wa lami akasimama. Malori ya madini yalikuwa yanapita, moja linafukuza lingine, vumbi hadi mabatini. Aliangalia kushoto kwa muda mrefu. Kisha, bila kugeuza kichwa, akanyoosha mkono wake wa kuume pembeni, hewani, akaufungua.

Nilifuta vidole kwenye suruali na kuushika.

“Sema wakati,” akasema.

“Ngoja, Mama,” nikasema. Lori moja likapita, kisha lingine. “Sasa.”